Kabla ya mtu kukanyaga mwezi, uimara wa ardhi yake ulipimwaje?

Muulizaji: Habari zenu wanajukwaa. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamenibana kwa swali nililolijibu nusunusu: kabla ya mwaka 1969, wataalamu walijuaje kwamba chombo kitakachotua mwezini hakitadidimia vumbini? Tena, mahali pasipo na tone la maji, unyayo wa kiatu unasimamaje bila kuporomoka?

Mpima Udongo: Mwalimu, hofu hiyo ilikuwapo kweli, kwani tangu miaka ya 1950 mwanaastronomia Thomas Gold alikuwa akidai kwamba zile nyanda nyeusi za mwezi huenda zimejaa vumbi jingi, na darubini peke yake haikuweza kuumaliza ubishi. Mwezi ulipopatwa mwaka 1927, wanaastronomia wa Marekani Pettit na Nicholson walipima joto la uso wake likishuka kwa zaidi ya nyuzi 150 za Selsiasi kadiri kivuli kilivyoufunika. Mwamba mzima usingepoa upesi hivyo, bali unga usiopitisha joto. Lakini kupoa kwa unga hakusemi unaweza kubeba uzito gani. Ilibidi uguswe. Luna 9, chombo cha Kisovieti kisicho na watu, ilitua Februari 1966, Surveyor 1 ya Marekani ikafuata mwezi Juni, na miguu yake ikazama sentimita chache tu. Mwaka uliofuata, Surveyor 3 ilichimba vihandaki kwa sepetu yake ndogo hadi kina cha takriban sentimita 18, na kuta za vihandaki hivyo zikasimama wima. Kwangu mimi, kuta hizo ndizo ushahidi mzito kuliko picha zote.

Fundi Mstaafu: Kuhusu unyayo, wape wanafunzi saruji kavu, waikandamize kwa kijiko: alama itabaki. Vumbi la mwezini halijawahi kusuguliwa na upepo wala maji, hivyo chembe zake zina ncha kali zinazonasana, tofauti na mchanga wa ufukweni ambao mawimbi yameuviringisha na ambao, ukikauka, huporomoka.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Je, ukienda chini ugumu huongezeka?

Mpima Udongo: Sana. Katika safari ya Apollo 15, mwaka 1971, mwanaanga David Scott alitakiwa kutoboa mita 3 ili kutumbukiza vipimajoto, lakini shimo la kwanza liliishia takriban mita 1.6. Joto nalo hubadilika upesi ukienda chini: Agosti 2023, chombo cha India, Chandrayaan-3, kilipima takriban nyuzi 50 usoni, na sentimita 8 tu chini yake kikakuta nyuzi 10 chini ya sifuri.