Nyumba za safu za zamani mjini Mwanza: chokaa, saruji au kubomoa?

Mjukuu wa Dukani: Wakuu, familia yetu ina nyumba kwenye safu ya zamani hapa mjini, zile za duka mbele na makazi nyuma, baraza yenye nguzo, milango ya mbao ya kukunja. Lipu imebanduka hadi usawa wa kiuno na bati limetoboka. Fundi wa kwanza anasema tukwangue, tupige saruji na kuweka madirisha ya alumini. Wa pili anataka chokaa, na ufundi wake ni ghali. Mjomba anataka tubomoe tupandishe ghorofa. Mngechagua lipi?

Fundi Igogo: Kwanza chokonoa kwa msumari kiungo cha ukuta, yaani kile kinachoshikanisha mawe au matofali. Kikitoka unga au udongo laini, sahau saruji. Kuta hizo hazikuwekewa kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Maji hupanda toka ardhini na kutokea kwenye lipu ya chokaa. Ukizifunga kwa saruji, unyevu unapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi inasukuma lipu mpya ibanduke. Utapaka rangi kila mwaka.

Mama Kirumba: Sasa chokaa nayo si inachelewa kukauka? Duka likifungwa miezi, nani atalipa kodi?

Fundi Igogo: Inachelewa kweli, mama. Inakomaa taratibu kwa kuvuta hewa ya ukaa, kwa hiyo unapiga tabaka nyembamba, unasubiri, unaendelea, huku umetandaza magunia yaliyolowa jua lisiipasue. Ila unaweza kufanya chumba kimoja kimoja. Na kabla ya yote: bati na gata. Kupiga lipu chini ya paa linalovuja ni kutupa hela, iwe chokaa au saruji.

Nyamagana Mkongwe: Mjomba aulizwe ukuta wa katikati ni wa nani. Kwenye safu, ukuta mmoja unabeba kenchi, yaani mbao za paa, za nyumba mbili. Ukibomoa wako, jirani anabaki uchi, na ukichimba msingi wa ghorofa ubavuni mwa msingi wa mawe, nyufa zinahamia kwake. Hapo unahitaji mhandisi, usimtegemee fundi peke yake.

Hati nayo muiangalie. Majengo mengi ya mjini yalitwaliwa na serikali kwa sheria ya 1971 yakaenda kwa Msajili wa Majumba, kisha kwa Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) mwaka 1990.

Dada wa Pasiansi: Hakuna sheria inayozuia kuvunja vya kale?

Nyamagana Mkongwe: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Wajerumani walianzisha kituo chao hapa mwanzoni mwa miaka ya 1890, kwa hiyo safu hizi ni za baadaye, zinalindwa tu waziri akizitangaza. Kibali cha ujenzi cha halmashauri bado kinahitajika.

Dada wa Pasiansi: Basi mimi ningeacha uso wa mbele na baraza, nitengeneze milango badala ya kuleta alumini. Choo na jiko jipya vikae uani, mbali na kuta za zamani. Nyaya za umeme zipite kwenye mabomba juu ya uso wa ukuta, msichimbe mifereji ukutani.

Mjukuu wa Dukani: Hati ipo kwa jina la babu. Jirani wa kushoto naye bati lake limeoza. Kesho naenda kumuuliza kama tutaezeka pamoja. Fundi Igogo, mchanganyiko wa chokaa ni kiasi gani?

Fundi Igogo: Anza na chokaa moja kwa mchanga tatu, uwe wa mtoni uliochekechwa. Jaribu kipande kidogo uani kwanza.