Nina miaka 51, kazi ya hoteli naijua, lakini kila nikienda naambiwa wanataka vijana. Nishaurini

MamaWaFuoni

Assalaamu alaykum ndugu zangu.

Mimi ni mama wa miaka 51, naishi Fuoni, asili yangu Wete. Tangu nimetoka skuli nimefanya kazi za hoteli. Nilianza kutandika vitanda Kiwengwa, nikapanda mpaka nikawa msimamizi wa usafi wa vyumba kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki. Ikaja kununuliwa, mwenyewe mpya akaja na watu wake, sisi wa zamani tukapewa barua. Haki zetu tumelipwa, hilo sina ugomvi nalo.

Tatizo ni umri. Matangazo mengi yanaandika wazi, miaka 20 hadi 35. Yasiyoandika, unakwenda kuambiwa huko huko. Juzi nimeitwa usaili Nungwi. Kijana aliyenisaili ana adabu zake, hakunivunjia heshima. Akaniuliza, "Mama, majengo yetu yana ghorofa tatu na lifti hakuna, utaweza?" Nikamjibu kuwa ngazi ndiyo kazi yangu miaka yote. Akaandika. Kisha akasema, "Na timu yetu ni vijana watupu, tunaogopa utaona tabu kuamrishwa na mtu wa umri wa mwanao." Hilo limeniuma kuliko la ngazi. Nimefanya kazi chini ya mameneja wadogo kwangu mara nyingi na hakuna aliyewahi kunilalamikia.

Jamani, kazi hii naijua. Taulo nikilishika tu najua kama limekunjwa na unyevu, kabla halijaanza kunuka. Nikiingia chumbani naanza nyuma ya mlango wa bafu na kwenye matundu ya shawa, maana maji ya visima vya pwani yana chumvi na inaganda pale. Wasichana niliowafundisha leo ni wasimamizi Paje na Matemwe.

Serikalini watu wanastaafu na miaka 60. Pencheni Jamii, ile ya wazee, mpaka ufike 70. Mimi wa 51 hapo katikati nile nini? Mume wangu mvuvi, na bahari ya sasa mnaijua. Mtoto wa mwisho yuko kidato cha tatu.

Naomba msiniambie nikauze maandazi. Siidharau biashara, mamangu ametulea kwa mkate wa kumimina. Ila mimi natafuta kazi niliyoisomea kwa mikono yangu. Je, nifute mwaka wa kuzaliwa kwenye CV? Na wakinipa kazi ya chini ya ile niliyokuwa nayo, nikubali?

KarafuuYaKonde

Wa alaykum salaam dada yangu, pole sana. Mwaka wa kuzaliwa futa. Si uongo, hakuna anayelazimika kuuandika. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi watakiona siku ya kusaini mkataba, na hapo watakuwa wameshakuona wewe kwanza. Kazi za zamani mno zifupishe kwa mstari mmoja, andika kwa urefu hizi za miaka kumi ya karibuni. Na hao wasichana wako wa Paje na Matemwe waweke kama wadhamini.

Baraza_la_Mkunazini

Mama, mtaji wa haki zako unao. Fungua kibanda, achana na watu.

MamaWaFuoni

Ahsante mwanangu, lakini hizo pesa ndizo tunazokula sasa hivi na ndizo ada ya mtoto. Nikizitia kwenye kibanda kikafa, nimekwisha.

MsimamiziPaje

Bi mkubwa, mimi ni katika hao wanaoajiri, nakwambia kama ilivyo. Hoteli zetu huku zinapenda vijana kwa sababu wanalala nyumba za wafanyakazi, wanne chumba kimoja, wanakubali zamu ya usiku na wanakubali mshahara mdogo. Mtu mzima ana nyumba yake, ana watoto, na anajua haki zake. Hili la mwisho hakuna atakayelitamka, lakini lipo. Si sawa, nami nimelisema kwenye vikao vyetu.

Kwa hiyo badilisha unapogonga hodi. Hoteli kubwa za ghorofa ziache kwanza. Nenda kwenye nyumba za kukodisha wageni, Jambiani, Bwejuu, Michamvi. Wenyewe wengi wako nje ya nchi. Shida yao kubwa ni mtu wa kuachiwa funguo na stoo ya mashuka, akajua zimeingia foronya ngapi na zimetoka ngapi. Mwenye nyumba wa namna hiyo mtu mzima anamtaka, tena anamtafuta. Na hata kwenye hoteli kubwa, omba dobi na stoo ya mashuka, usiombe vyumba. Huko wanataka jicho lako zaidi ya magoti.

Jambo jengine ni msimu. Ukiomba Aprili mvua inanyesha, hoteli nyengine zimefunga. Mwezi wa tano ndio tunapanga watu wa kuanzia Juni. Peleka barua zako hapo, na upeleke mwenyewe kwa mkono.

Wakili_wa_Mtaani

Naongeza la sheria. Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na inakataza ubaguzi katika ajira. Wengi wanatafuta majibu kwenye sheria ya Bara, ile si yetu kwa mambo ya kazi. Tangazo lenye ukomo wa umri lipige picha uliweke, na maneno uliyoambiwa kwenye usaili yaandike na tarehe yake. Kisha nenda Kamisheni ya Kazi ukaulize. Sikupi ahadi kuwa utapata kazi kwa njia hiyo, na kuthibitisha maneno ya mdomo ni kazi ngumu. Lakini watu wasipopeleka, ofisi itajuaje kama jambo hili lipo?

FundiUmemeChake

Dada, mimi nina miaka 58, fundi umeme, nipo Chake. Kuhusu kushuka cheo, mimi nilikubali na sijutii, lakini niliuliza mambo mawili kabla ya kusaini: mkataba wa muda gani, na michango ya ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, inapelekwa au haipelekwi. Kwa umri wetu hayo ni makubwa kuliko jina la cheo. Nenda ZSSF uombe taarifa ya michango yako yote uone kama waajiri wako wa nyuma walikuwa wanapeleka kila mwezi. Kama kuna miezi imerukwa, idai sasa wakati wasimamizi wa zamani bado wapo na wanakumbuka. Ukija kujiajiri, ZSSF wana mpango wa hiari, usiache kuchangia.

Amali_Vitongoji

Shangazi, mie nimesoma mafunzo ya amali kule Vitongoji, Pemba. Mwalimu aliyetufaa zaidi ni yule aliyetoka kwenye kazi yenyewe. Kapige hodi vituo vya amali, Mwanakwerekwe si mbali na wewe, na pale Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kwenye utalii, Maruhubi. Uliza kama wanachukua walimu wa vitendo wa muda. Hizo saa chache za wiki zitakusaidia na kwenye CV pia, maana anayefundisha vijana hataambiwa tena kuwa hawezi kukaa na vijana.

MamaWaFuoni

Allah awalipe nyote. La mwalimu halijawahi kunipitia kichwani kabisa, na nimeanza kuwaandikia wasichana wangu kuomba waniwekee udhamini. Kesho nakwenda ZSSF. Ndugu MsimamiziPaje, hoteli ilinipa cheti cha utumishi, lakini kina jina langu na tarehe tu, hakisemi nilifanya nini. Kitanisaidia?

MsimamiziPaje

Hakitoshi. Mtafute meneja wako wa zamani popote alipo, mwambie akuandikie barua yenye idadi ya vyumba mlivyokuwa navyo, watu wangapi walikuwa chini yako, na kwamba stoo ilikuwa mikononi mwako. Aweke na nambari yake ya simu, kwa sababu wenye nyumba za wageni wanapiga.