Wauza mashine za kuvalisha slivu za namba: hiyo 1.5 kwenye jedwali lenu ni ya shaba, siyo unene wa waya!

Wakuu,

Salamu baadaye, uzi huu ni wa hasira. Unawahusu wanaofunga paneli za umeme, na unawahusu zaidi wanaotuuzia hizi mashine za kuchapa na kuvalisha slivu za namba kwenye nyaya.

Kwa ambaye hajaiona: roli ya slivu bapa (mrija laini wa plastiki unaovalishwa kwenye waya) inapita chini ya hedi ya kuchapia pamoja na riboni ya wino, kisu kinakata kipande cha milimita 20 au 25, taya mbili ndogo zinakibana ubavuni ili mdomo ufunguke. Fundi anasukuma ncha ya waya kupitia koni ya kuongozea, sensa inauona, taya zinaachia, waya unatoka umeshavaa namba yake. Kwenye video ya tangazo inapendeza kweli.

Ifikishe karakana sasa. Waya unagonga mdomo, slivu inajikunja kama soksi ya mtoto, inadondoka kwenye trei. Unarudia, inadondoka tena. Mpigie simu muuzaji uone: "Fundi wako bado hajaizoea mashine." Eti fundi! Mtu anayevalisha slivu 400 kwa mkono kwa siku moja bila kukosea, leo ashindwe kusukuma waya kwenye koni?

Kosa liko kwenye jedwali mlilobandika kwenye mfuniko. Linasema waya wa 0.75 slivu ya 2.4 (kipenyo cha tundu lake kwa milimita), waya wa 1.5 slivu ya 3.2, waya wa 2.5 slivu ya 4.8. Aliyeliandika ameona 1.5, akaona 3.2, akasema nafasi ipo tele, mara mbili na zaidi. Ndugu yangu, 1.5 ni milimita za mraba, eneo la shaba ya ndani. Slivu haivai shaba, inavaa ganda la plastiki. Waya laini wa paneli wa 1.5, ule H07V-K, unene wake kwa nje ni kama milimita 3.0, na viwanda vinatofautiana: utakuta wa 2.8, utakuta wa 3.4, na yote iko ndani ya viwango. Sasa ingiza 3.4 kwenye tundu la 3.2, nitakaa hapa nikuangalie.

Hata huo wa 3.0 haupiti, na sababu yake ni hesabu tu. Slivu ya kusinyaa (inayojibana ikipigwa moto) ya 3.2 ina mzunguko wa ndani wa kama milimita 10. Ikilala bapa upana wake ni 5. Ili tundu lifike 3.2 lazima liwe duara kamili, na taya mbili zinazobana ubavuni hazitoi duara, zinatoa yai. Zikibana kutoka 5 hadi 4.2, urefu wa mdomo kwenda juu ni milimita 2 tu. Milimita 2, wakuu! Mnataka waya wa 3 upite hapo kisha mseme mkono wa fundi ni mzito.

Chukua slivu ya 4.8. Bapa ni 7.5. Taya zikibana hadi 5.2, mdomo unapanda hadi kama 4.4. Waya wa 3.0 unapita ukiwa na nafasi ya kutosha juu na chini, na slivu hiyo ikipigwa moto inarudi hadi 2.4, kwa hiyo inaushika waya vizuri. Mashine ni ileile na fundi ni yuleyule, kilichobadilika ni roli.

Kwa slivu za kusinyaa mara mbili, yaani zinazorudi hadi nusu ya kipenyo chake, pima unene wa nje wa waya, kisha hakikisha unazidi kipenyo cha slivu ikishasinyaa na hauzidi asilimia 80 ya kipenyo chake kabla ya moto. Kwa maana hiyo:

Slivu 3.2 (inasinyaa hadi 1.6): waya wenye unene wa nje wa 1.6 hadi 2.5. Hapo ndipo 0.75 inapokaa.
Slivu 4.8 (hadi 2.4): unene wa 2.4 hadi 3.8. Hii ndiyo ya 1.5, na 2.5 kama ganda lake ni jembamba.
Slivu 6.4 (hadi 3.2): unene wa 3.2 hadi 5.1. Hii ni ya 2.5 yenye ganda nene, na ya 4.

Pima kwa vernia (kipimio cha taya cha kupimia unene), kila roli mpya ya waya inapofunguliwa. Usiibane vernia mpaka plastiki ibonyee, maana PVC ni laini na itakudanganya kwa robo milimita. Pima, zungusha waya robo mzunguko, pima tena, chukua kipimo kikubwa.

Na msiniletee "waya umeshachunwa ncha ndiyo maana unakwama". Kweli, ncha iliyochunwa ganda inachanua nyuzi na zinanasa mdomoni. Lakini ni kitabu chenu kinachomwambia mtu achune kwanza! Mpangilio ni huu: kata, valisha slivu pande zote mbili, ndipo uchune, uweke feruli (kikofia cha chuma kinachofunga nyuzi za ncha) na kuibana. Feruli yenye kola ya plastiki ni nene kuliko waya wenyewe, ukiitanguliza umejifungia mlango. Kama mashine yako ya kuchuna ni ya kwanza kwenye mstari na huwezi kuihamisha, iseti ichune nusu: ganda lisogezwe, lisitolewe. Lile ganda linazifunga nyuzi mpaka slivu ipite, kisha unalivuta kwa vidole.

Hasira ya pili ndiyo kubwa, kwa sababu ile ya kwanza inakupotezea slivu, hii inakupotezea paneli.

Sensa ya mashine hizi za bei ya kati inaona waya, haioni slivu. Fundi kasukuma waya namba 117, slivu imedondoka, lakini sensa imeshaona waya na mashine imeshahesabu kuwa kazi imefanyika. Inachapa 118. Fundi aliyeinamia kazi anachukua waya uleule, safari hii slivu inaingia, anauweka pembeni. Waya wa 117 umevaa 118, wa 118 utavaa 119, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa orodha. Paneli ya nyaya 200 ina slivu 400. Kosa moja katikati, nusu ya paneli inasema uongo, na uongo wenyewe umechapwa vizuri, umenyooka, mkaguzi anaupenda. IEC 60204-1, kiwango cha kimataifa cha vifaa vya umeme vya mashine, inataka kila waya utambulike kwenye kila mwisho wake kulingana na michoro. Hapo unatambulika kwa jina la jirani.

Dawa ipo ndani ya mashine na hamuielezi: kwenye menyu kuna chaguo la kusubiri uthibitisho kabla ya kwenda namba inayofuata. Wengi mnaileta ikiwa imezimwa ili mwendo kwenye tangazo uonekane mkubwa. Iwasheni, unganisheni kanyagio la mguu. Slivu ikiingia, fundi anakanyaga. Ikidondoka, anabonyeza kurudia na namba ileile inachapwa tena. Mwendo unapungua kidogo, na paneli inasema kweli.

Riboni zenye chipu zinazokataa kufanya kazi mpaka ununue kwao tu, hilo nitalifungulia uzi wake.

---

#2 KolaNyeusi

Mkuu umeongea, ila kwenye slivu kubwa usiwaache watu waende kichwa kichwa. Kuna watakaosoma hapa wakanunue ile inayosinyaa mara tatu, 6 hadi 2, wasema roli moja inatosha nyaya zote. Mdomo utafunguka, waya utaingia, shida itakuja kwenye kusoma.

Maandishi yanasinyaa pamoja na slivu. Namba ikichapwa kufuata urefu wa waya, kimo cha herufi kiko kwenye mzunguko, na mzunguko ndio unaopungua. Slivu ya 4.8 kwenye waya wa 3.0: herufi ya milimita 3 inabaki karibu 1.9, bado inasomeka. Slivu ya 6 kwenye waya wa 2.3: herufi hiyohiyo inabaki kama 1.15, imerefuka na kubanwa ubavuni. Ndani ya paneli yenye mwanga hafifu hakuna anayeisoma. Ukilazimika kutumia mara tatu, panda kimo cha herufi kwanza, na namba ziwe fupi.

Na msisahau 6 na 9. Kwenye kitu cha duara hakuna juu wala chini, kwa hiyo 66 na 99 ni kitu kimoja. Pigeni mstari chini ya namba.

---

#3 Terminali_X2

Vipi slivu za PVC zisizosinyaa, zile za umbo la yai? Muuzaji anasema mashine inazivalisha pia.

---

#4 (mwenye uzi)

Mkuu X2, muulize anazivalisha kwenye waya upi. Slivu isiyosinyaa lazima ishike waya kwa kubana tangu mwanzo, sasa taya zitaipatia wapi nafasi? Ikiingia kirahisi kwenye mashine, basi itateleza mpaka chini ukisimamisha waya. Hizo chapa kwa printa ya slivu, weka mkato wa nusu ili vipande vibaki vimeshikana kwa mpangilio, kisha valisha kwa mkono. Si aibu.

KolaNyeusi, nakubali kuhusu herufi. Ongeza na mwelekeo: ncha mbili za waya mmoja hazisomwi upande mmoja. Kama programu haina kisanduku cha kugeuza ncha ya pili, kila mwisho wa pili utasomeka kichwa chini.

---

#5 NusuMkato

Mimi nataka kumtetea muuzaji kidogo tu, kwa sababu kuna makosa yetu pia.

Kwanza kisu. Kisu butu hakikati slivu, kinaifinya, na kuta mbili zinashikana pale mdomoni. Chukua kipande kilichokataa, kitazame upande wa mkato. Kama kuna mstari mweupe na mdomo umefumba, usiguse taya, badilisha kisu. Watu wanakaza springi za taya wiki nzima wakati ugonjwa uko sentimita tatu nyuma.

Pili, roli. Slivu za kusinyaa zinawekwa stoo ya bati, mchana kutwa jua liko juu yake, tena zimelaliwa na roli za kebo. Zinashika mkunjo na kuta zinagandana. Weka mahali penye ubaridi, zisimame, usizilaze chini ya mzigo. Roli iliyogandana inaweza kusaidika: ipitishe kati ya rola zinazobana upande ule mwembamba kabla ya kufika kwenye taya, mkunjo unalegea.

Tatu, hewa. Taya za nyumatiki, zinazosukumwa na hewa ya kompresa, zinataka hewa kavu. Huku pwani kompresa isipotolewa maji kila asubuhi, maji yanafika kwenye silinda ndogo, taya moja inachelewa kuliko mwenzake na mdomo unafunguka kombo. Halafu tunasema mashine mbovu.

Nne, Excel. Namba 007 ukiiandika tu inakuwa 7, na 1-2 inakuwa tarehe. Badilisha safu nzima iwe maandishi kabla ya kuanza kujaza. Ukibadilisha baada ya kujaza, sifuri hazirudi.

---

#6 (mwenye uzi)

NusuMkato, ya kisu na ya stoo nakupa. Ya hewa pia, ingawa kichujio na kitoa maji vilipaswa kuja ndani ya boksi, siyo kuuzwa kando kama pambo.

Ila kabla hujamtetea, fanya jaribio moja mbele yake siku ya kukabidhiwa. Chukua waya wa 1.5 wa kwako, siyo wa kwake. Pima kwa vernia aone. Weka slivu anayoisema jedwali lake, valisha 50 mfululizo, hesabu zilizodondoka. Kisha badilisha roli, weka 4.8, badilisha na koni ya kuongozea kwa sababu koni ya ile slivu ndogo itaziba njia, seti taya ufunguzi wa 5.2, rudia 50. Halafu dondosha moja makusudi uone mashine inachapa namba gani inayofuata. Ikiruka, usisaini hati ya makabidhiano mpaka akuoneshe menyu ya uthibitisho iko wapi na kanyagio linachomekwa tundu lipi.

Na jedwali la kwenye mfuniko libandue mbele yake.