Moshi hadi Marangu kwa baiskeli bila kupita barabara kuu ya Himo: mnapangaje njia?

Kamba_ya_Breki

Wakuu, salaam. Natafuta namna ya kutoka Moshi mjini hadi Marangu Mtoni huku nikiikwepa barabara kuu kadiri inavyowezekana. Malori ya Holili na mabasi yanakimbia mno, na pembeni hakuna nafasi. Shida ni programu za ramani. Moja inanirudisha lami moja kwa moja hadi Himo, nyingine inanipandisha Old Moshi na kunivusha kwa vijia nisivyojua kama vinapitika. Tairi zangu ni za milimita 40, simu ni Android. Nianzie wapi?

Ramani_Mkononi

Anza na makorongo, mkuu, barabara baadaye. Upande huu wa Kilimanjaro mito inashuka kutoka kaskazini kwenda kusini, nawe unaelekea mashariki, kwa hiyo utayakata yote. Barabara za magari zimekaa kama meno ya kitana: zinapanda kutoka barabara kuu kwenda milimani, na zinazounganisha jino na jino ni chache. Programu inaona mstari tu. Haijui kama kwenye mto pana daraja au pana jabali la kuruka.

Fungua bikerouter.de kwenye kompyuta. Inatumia injini ya BRouter (ndiyo inayokokotoa njia) na data ya OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea. Weka mwonekano wa CyclOSM, yaani ramani iliyochorwa kwa ajili ya baiskeli, kisha ufuate kila mto toka juu hadi chini na utie alama kila mahali njia inapoukata. Angalia kama pameandikwa "bridge" (daraja) au "ford" (kivuko cha kupita majini). Mstari wa "path" (kijia) unaokata mto bila alama yoyote mara nyingi ni kijia cha miguu tu: unateremka hadi majini, unapanda ng'ambo kwa vipandio vya udongo, na baiskeli iko begani. Ukishapata vivuko vya uhakika, weka pointi moja kwenye kila kivuko na uiachie injini ijaze katikati.

Kwa safari yako, sehemu kubwa ya jibu ni barabara ya Kawawa–Nduoni–Marangu Mtoni, inayoachana na barabara kuu na kukatiza milimani. Kazi iliyobaki ni kutoka mjini hadi kuifikia. Ama utafute vivuko vya juu kupitia Old Moshi na Mbokomu, ama ukubali kipande cha lami Jumapili alfajiri. Mimi ningechagua Jumapili.

Profaili, yaani aina ya uendeshaji unayoichagulia injini, iwe "trekking", na kwenye vigezo vyake washa "avoid_unsafe" (epuka barabara za hatari). Achana na "fastbike", hiyo hupenda lami na ndiyo itakayokurudisha Himo.

Gea_Ndogo

Naongezea suala la mwinuko, maana hapo ndipo wengi wanadanganyika. Programu nyingi zinategemea SRTM, vipimo vya mwinuko wa ardhi vilivyochukuliwa kutoka angani mwaka 2000. Kila kipimo kinawakilisha mraba wa mita 30, au hata 90. Korongo jembamba linamezwa humo, na mchoro unakuonyesha mteremko laini mahali ambapo kiukweli unashuka ghafla na kupanda kwa gea ya mwisho. Mistari ya kontua (inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) nayo haisaidii, mara nyingi imechorwa kutokana na data hiyohiyo. Hesabu makorongo, na kwa kila moja ongeza mita 20 au 30 za kupanda juu ya jumla uliyopewa.

Picha za setilaiti usizitegemee vihambani, kwenye mashamba ya Wachaga huko milimani. Migomba na miti imefunika kila kitu. Zinafaa kule chini kwenye tambarare, ukitaka kuzunguka upande wa kusini wa barabara kuu kuelekea Kahe. Google Earth Pro ya kompyuta ina picha za miaka iliyopita. Mahali ambapo barabara moja imegawanyika ikawa alama tatu nne za magurudumu sambamba, ujue magari yalikuwa yanakwepa tope. Huo ni udongo mweusi. Machi hadi Mei unajaza nafasi kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Kiangazi shida ni miiba, kwa hiyo beba tyubu mbili na viraka.

Ramani ya joto ya Strava, inayowasha njia ambazo watumiaji wa programu hiyo ya mazoezi wamepita, iangalie kwa tahadhari. Njia isiyowaka haina maana kwamba haipitiki, ni kwamba wenye programu hiyo hawajaipita.

Kamba_ya_Breki

Asanteni, nimeshaichora. Sasa naiwekaje kwenye simu? Sitegemei kupata mtandao huko.

Ramani_Mkononi

Ishushe kama GPX (aina ya faili la njia), uchague "track" badala ya "route". "Route" ni pointi chache ambazo kifaa kitaziunganisha kwa akili yake, "track" ni mstari wako kama ulivyo.

Fungua faili kwa OsmAnd, programu ya ramani ya simu, ukiwa umepakua ramani mapema, uamuru ikuongoze kufuata mstari huo, kisha uzime kukokotoa njia upya. Usipozima, ukikosea kona moja itakutafutia njia yake. Kama unataka uwezo wa kupanga upya ukiwa njiani, sakinisha programu ya BRouter na kipande chake cha data kiitwacho E35_S5. Kinaanzia ikweta hadi nyuzi 5 kusini, na nyuzi 35 hadi 40 mashariki, kwa hiyo Arusha na Same zimo pia. Organic Maps, programu nyingine ya ramani, ni nyepesi na inakuonyesha mstari, ila usitarajie ikuelekeze kona kwa kona juu yake.

GPS haihitaji mtandao. Weka simu hali ya ndege na uzime kioo, betri itadumu.

Gea_Ndogo

Kabla ya kuteremka kwenye kivuko chochote kidogo, waulize bodaboda wa pale kijiweni. Daraja la mbao likisombwa na masika, ramani itaendelea kulionyesha hadi mtu alifute. Ukikuta limeondoka, acha ujumbe kwenye OpenStreetMap mahali hapohapo. OsmAnd inakuruhusu kuuandika bila mtandao na kuutuma ukifika mjini.