Naomba ushauri: suiti za chelo za Bach, nifuate rekodi ya nani?

Habari zenu wadau. Mimi ni mtu wa taarab na kwaya, muziki wa klasiki nimeuingia majuzi tu kupitia suiti sita (mafungu ya vipande, vingi vyao dansi) za chelo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, za mtunzi Mjerumani Bach. Mtu mmoja, chombo kimoja, hakuna okestra ya kumbeba, lakini unasikia besi inatembea chini na sauti nyingine inaijibu juu. Sijui anafanyaje!

Nilianza na mpiga chelo Pablo Casals, aliyezirekodi kati ya 1936 na 1939. Roho ipo, sibishi, ila mkwaruzo wa santuri unanichosha nikivaa hedifoni. Yo-Yo Ma wa 1983 ni safi, labda mtamu mno. Anner Bylsma wa 1979 anatumia chelo ya kibaroko, yaani ya mtindo wa enzi za Bach: mkavu kidogo, lakini zile dansi zinachezeka kweli. Prelude (kipande cha kufungulia) ya suiti ya kwanza kwa hawa watatu ni kama nyimbo tatu tofauti. Na kwa kuwa nakala iliyoandikwa kwa mkono wa Bach mwenyewe haipo, nashindwa kujua nimwamini nani.

Naomba mnisaidie mawili. Kwa sikio changa, niende kwa rekodi ya mpiga chelo Fournier au Rostropovich? Pili, kwenye suiti ya tano Bach alitaka uzi wa juu ushushwe toni moja. Ni nani anayefuata agizo hilo, na tofauti yake niisikilizie wapi? Sarabande yake, ile dansi ya polepole, haigusi nyuzi mbili kwa pamoja hata mara moja, kwa hiyo hapo sidhani.

Natanguliza shukrani.