Kuvuka Ziwa Victoria kwa tanga pamoja na watoto: kisiwa cha Ngamba au cha Buggala?

Baba wa Wawili (Entebbe):

Habari zenu, ndugu. Rafiki yangu amekubali kuniazima mashua yake ya tanga, yenye urefu wa mita saba hivi na injini ndogo ya akiba. Nimekuwa nikiiendesha kwa miaka mitatu, lakini sijawahi kutoka nje ya ghuba kiasi cha kuiacha nchi kavu mbali nyuma yangu. Sasa mke wangu na watoto wetu, wa miaka 7 na 11, wanadai safari ya kweli ya visiwani wakati wa likizo ya Agosti. Mkubwa amekwisha kuchora ramani ya ziwa ukutani na kuizungushia Buggala wino mwekundu. Mimi naelekea zaidi Ngamba kwa sababu ni karibu na wangewaona sokwe. Naomba ushauri kuhusu saa ya kung'oa nanga, na kama ni busara kwenda na kurudi siku moja.

Mzee wa Bisho (Entebbe):

Ndugu Baba wa Wawili, mimi nilikulia Mombasa kwenye majahazi kabla ya kuhamia huku, na jambo la kwanza nililolazimika kujifunza ni kwamba ziwa hili halina maji kupwa wala maji kujaa, bali lina saa zake za upepo. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, kwa hiyo alfajiri upepo hutoka kaskazini kuelekea ziwani na kukusukuma taratibu kwenda visiwani. Jua likishapanda hukatika, mkakaa mmetulia huku tanga likining'inia kama nguo kwenye kamba, kisha mchana upepo wa ziwani huanza kuvuma kutoka kusini na kuongezeka. Ukichelewa kuondoka hadi saa tano, utaikuta njia nzima ni ya kupiga bisho, yaani kwenda upande huu na huu dhidi ya upepo, na watoto watatapika. Ukiondoka kukipambazuka, utakwenda na upepo wa nchi kavu na kurudi na wa ziwani, wote ukiwa nyuma yako au ubavuni.

Hata hivyo alfajiri hiyo ina mtego wake, kwa kuwa radi nyingi za ziwa hili hupiga usiku na kuendelea hadi asubuhi. Agosti ni afadhali kuliko miezi ya masika, lakini usiamini kalenda. Ukiona wingu jeusi upande wa ziwani limelala chini kwa mstari ulionyooka, usiondoke. Likikukuta njiani, utahisi upepo uliokuwepo ukifa ghafla, kisha baridi inakupiga usoni. Hapo una dakika chache tu, basi shusha tanga lote kabla hujaanza kufikiri. Mawimbi ya huku ni mafupi na yamesimama wima, hayakubebi kama yale ya bahari kuu.

Ngamba iko umbali wa kilomita 23 hivi kutoka Entebbe. Kwa mashua ya ukubwa huo ni mwendo wa saa tatu au nne upepo ukiwa mwema. Buggala ni mbali zaidi ya hapo, na mwaka wa kwanza nisingeikusudia bila kulala huko.

Dada wa Kalangala:

Naungana na mzee kuhusu Buggala, ingawa ni kwetu na ningependa mje. Mkija, laleni angalau siku mbili. Niongeze mambo ambayo hayaonekani kwenye ramani. Usiku wavuvi wa mukene, yaani dagaa, hufanya kazi kwa taa, na ukiziona zimetapakaa majini utadhani ni mji. Chini ya taa hizo kuna nyavu, basi zizungukeni kwa mbali. Tangu maji yalipopanda sana mwaka 2020, sehemu nyingine za ufuko zina visiki vilivyozama, kwa hiyo msiingie ghuba msiyoijua baada ya jua kuchwa. Pia kuna vipande vya magugu vinavyoelea, vingine vikubwa kama uwanja; kimoja cha namna hiyo ndicho kilichoziba mtambo wa umeme Jinja mwezi Aprili 2020, nchi nzima ikakosa umeme. Watoto wasioge kwenye maji ya ukingoni yenye majani, maana kichocho kipo. Na mkiona moshi umesimama juu ya maji, huenda si moshi bali ni vijidudu vya ziwani, fungeni midomo.

Abiria wa Nakiwogo:

Mimi nitasema lisilopendeza. Novemba 2018 chombo cha starehe kilizama karibu na ufuko wa Mutima, Mukono, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya 30 wakafa ingawa nchi kavu ilikuwa karibu. Wengi hawakuwa wamevaa jaketi za kujiokolea. Kwa hiyo ndugu, jaketi za watoto ziwe za kimo chao, zenye mkanda unaopita katikati ya miguu, na zivaliwe kabla ya kukanyaga mashua. Maji haya yasiyo na chumvi hayamfanyi mtu aelee kama ya bahari. Tena, kwa nini mama na watoto wasipande feri ya kwenda Kalangala, kisiwani Buggala, wewe ukavuka na mtu mzima mwingine mkakutana huko?

Mzee wa Bisho:

Kuhusu jaketi sina neno. Lakini kuwaweka kwenye feri ni kuwanyima safari yenyewe. Mtu mzima wa pili anayejua kushika usukani, huyo namuunga mkono kabisa, kwa sababu nahodha akiumia, nani atawarudisha?

Baba wa Wawili:

Ahsanteni sana. Tumeamua Ngamba, tutaondoka kukipambazuka na kuanza kurudi kabla ya saa tisa, na shemeji yangu anayejua tanga atakuja nasi. Nitawasiliana kwanza na wasimamizi wa kisiwa, kwa kuwa ni hifadhi ya sokwe tangu 1998 na hakifikiwi kiholela. Mkubwa alinuna siku nzima, kisha akapima kwenye ramani yake akagundua kwamba tutavuka ikweta njiani. Sharti lake ni kwamba hapo ashike usukani yeye, na mdogo asiruhusiwe hata kuugusa.