Wauzaji wa pikapu mpya za dizeli: kwa nini habari ya DPF (chujio la masizi kwenye ekzosi) tunaisikia baada ya gari kugoma?

Wakuu habari za jioni. Niko Masasi, nina hasira na sitazunguka. Nyie mlionunua dabo kabini za dizeli za miaka hii, hasa watu wa Newala, Tandahimba, Nachingwea na Liwale, njooni mseme hapa maana nimechoka kuambiwa mwenye tatizo ni mimi peke yangu.

Gari imenunuliwa shorumu, mpya, ina waranti, sio ya mnadani. Jina la kampuni silitaji. Kazi zake ni hizi zetu za kila siku, peleka salfa (dawa ya unga ya mikorosho) shambani, rudi, beba magunia mpaka ghala la chama cha msingi, kaa foleni injini inanguruma, rudi tena. Ikaanza kuwasha taa ya DPF, ikazimika yenyewe, ikawaka tena, mwisho ikakata nguvu kabisa, unakanyaga mafuta mpaka chini na mlima wa kwenda Newala haipandi. Nawapigia walioniuzia wananiambia ilete Dar. Kutoka huku mpaka Dar ni mamia ya kilomita jamani na gari haivuti! Nikaipandisha kwenye lori kwa hela yangu, kufika kule jibu ni hili: "mteja unaendesha vibaya, safari zako fupi, hii haipo kwenye waranti", alafu wakanitajia bei ya DPF mpya ambayo ni mamilioni.

Kwa wasiojua, DPF ni chujio kilichofungwa ndani ya ekzosi, kazi yake kunasa masizi yasitoke hewani. Kikijaa lazima kijisafishe kwa kuyachoma, na ili yaungue vizuri joto mle ndani linatakiwa lifike kama nyuzi 600. Ukiwa lami, mwendo mzuri, mzigo upo, sehemu kubwa inaungua yenyewe taratibu. Joto likikosekana kompyuta ya gari inaamuru dizeli ya ziada imwagwe ili kulipandisha, na hiyo inataka gari iendelee kutembea mwendo wa kueleweka kama dakika 15 au 20 bila kuzima. Ukizima katikati zoezi limekufa, masizi yamebaki, kesho yanaongezeka juu yake.

Sasa niambieni, barabara za vijijini Tandahimba au Liwale, mchanga, mashimo, mvua ikinyesha tope, hiyo mwendo wa kueleweka dakika 20 mfululizo unaupata wapi? Huko ndo tunaishi na ndo kazi ilipo. Aliyeniuzia aliniuliza kabisa gari inaenda kufanya nini, nikamwambia korosho na mashamba, akachekelea akaniandikia risiti. Alikuwa anajua! Angesema neno moja tu ningechukua gari nyingine.

Na hii ya "unaendesha vibaya" isitumike kama fimbo kwa kila mtu. Australia walishitaki Toyota kwa habari hiihii ya DPF, Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zilizouzwa kuanzia Oktoba 2015 mpaka Aprili 2020, zaidi ya magari 260,000. Mwaka 2022 mahakama ya shirikisho ikasema mfumo ulikuwa na kasoro, na kilichonishangaza ni kwamba kasoro ilijitokeza hasa kwenye mwendo mkubwa wa barabara kuu, yaani ule uleule ambao sisi tunaambiwa ndo dawa. Kiasi cha fidia kimebishaniwa kwenye rufaa mpaka mahakama ya juu kabisa, lakini kwamba magari yalitoka na kasoro hilo liliamuliwa. Gari yangu sio ya kampuni hiyo na sisemi kasoro ni ileile. Nachosema ni kwamba injinia anaweza kukosea, kwa hiyo kabla hujamtupia lawama dereva pima gari kwanza. Kuna sensa inayolinganisha presha kabla na baada ya chujio, imeungwa kwa vipaipu vyembamba, kipaipu kimoja kikipasuka au kikiziba inasoma uongo, na kuna watu wameuziwa DPF nzima kumbe shida ilikuwa hapo. Mimi nilipouliza kama wameviangalia hakuna aliyenijibu.

Kinachonitisha kuliko hela ni moto. Wakati wa kujisafisha ekzosi inakuwa na joto kali sana, na nyie mnajua msimu wa kuokota korosho chini ya mikorosho kunakuwaje, majani makavu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Unaegesha pale, unashuka kupakia, chini ya gari kuna kitu kinachemka na magari mengine hayawashi hata taa kukwambia kwamba zoezi linaendelea. Mikorosho ya mtu ya miaka 30 inaweza kuteketea mchana mmoja na watoto wanaookota wako hapohapo. Onyo hilo kwenye kitabu cha gari limeandikwa, kwa Kiingereza, katikati ya kurasa mamia. Shorumu hakuna aliyelitamka!

Kuna na oili. Magari ambayo hiyo dizeli ya ziada inapitia nozeli zilezile za injini, sehemu yake inateremka kwenye oili, na zoezi likikatishwa mara kwa mara oili inapanda badala ya kupungua. Ukichomoa kijiti ukaona imevuka alama ya juu na inanuka dizeli usifurahi, imeshakuwa nyepesi na injini inasagika. Alafu inatakiwa oili maalum yenye majivu kidogo, mana masizi yanaungua ila majivu ya oili hayaungui, yanabaki humo mpaka chujio lifunguliwe lisafishwe. Hizi oili za dumu tulizozoea kuwekea magari ya zamani zinalijaza majivu haraka. Hilo nalo nimeambiwa na fundi wa mtaani hapa Masasi, sio na watu wenye nembo mgongoni.

Mafuta yenyewe, kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kilikuwa salfa (kiberiti kilichomo kwenye dizeli) isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, Ulaya ni 10. Hiyo 50 ya sheli nzuri sio mbaya, balaa ni dizeli ya madumu vijijini ambayo hujui imechanganywa na nini, na kuna sehemu ukiishiwa huna pengine pa kununua.

Najua mtakuja na "mkuu toboa tu hiyo kitu, ondoa DPF, fundi aifute kwenye kompyuta maisha yaendelee". Siwashangai mnaofanya hivo, mmebanwa. Mimi sitaki. Moshi wa dizeli shirika la afya duniani kupitia taasisi yake ya saratani liliuweka mwaka 2012 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na gari hii inapeleka watoto wangu shule. Alafu ukishakata, waranti iliyobaki yote inakufa na wauzaji wanakuwa wameshinda. Kwa nini mimi niharibu gari niliyolipia ikiwa nzima?

Nachotaka kinawezekana. Muuzaji amwambie mnunuzi kwa mdomo na kwa Kiswahili kabla hajalipa, gari hii ina DPF, inataka hiki na hiki. Kila pikapu inayokuja huku iwe na swichi ya dereva kuanzisha usafishaji mwenyewe akiwa sehemu salama, hao Toyota wenyewe waliiongeza Australia 2018 kwa hiyo haishindikani. Na mashine ya kulazimisha usafishaji iwepo hata moja Mtwara mjini, na mtu anayejua kuitumia, tusibebeshwe magari kwenye malori mpaka Dar kwa kazi ya nusu saa.

Naandaa malalamiko ya kupeleka Tume ya Ushindani, FCC, maana kumlinda mlaji ni kazi yao. Nikienda peke yangu nitaambiwa naendesha vibaya tena. Uliyekataliwa waranti kwa DPF Mtwara au Lindi, tafuta ile karatasi waliyokuandikia, piga picha, ziba jina na namba ya gari, weka hapa chini pamoja na mwaka wa gari na kazi inayofanya. Na kama kuna fundi Kusini ana mashine inayosoma presha ya chujio kabla hajakwambia ununue jipya, tajeni yuko mji gani.